Mpapai dume: namna ya kuutambua, kuupunguza na kuubakiza kwa hesabu ukipanda kwa mbegu Dodoma

Ukipanda mipapai kwa mbegu za papai la kienyeji, karibu nusu ya miche itakuwa madume, na hakuna fundi, bibi wala bwana shamba atakayekuonyesha ni ipi kabla haijatoa maua. Kwa hiyo usipoteze muda kukisia. Panda kwa idadi inayokuruhusu kupoteza, subiri ua, kisha kata bila huruma.

Kwa Dodoma na Kanda ya Kati nzima jambo hili ni la maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, tena mara nyingi inakatika katikati ya msimu. Kuanzia Mei kila ndoo inayoingia shambani imetoka kisimani, bwawani au kwenye boza la kununua. Dume lisilo na kazi likinyweshwa mpaka Septemba limekula fedha ambayo jike la pembeni yake lingeirudisha kwa matunda. Mkulima wa kule kwenye mvua mbili anaweza kuchelewa kukata asione hasara kubwa. Wa Chamwino au Bahi ataiona.

Yanayosemwa kuhusu mbegu na miche

Utasikia kwamba mbegu nyeusi ni jike na ya kahawia ni dume. Utasikia pia kwamba mche wenye mzizi mmoja mnyoofu ni dume na wenye mizizi iliyogawanyika ni jike, au kwamba mche unaowahi kurefuka ni dume. Yote hayo ni kubahatisha. Rangi ya mbegu inategemea zaidi ukomavu wake na jinsi ilivyokaushwa. Mzizi hugawanyika kwa sababu uligonga jiwe, ulifika chini ya kiriba ukakosa pa kwenda, au ulikatika wakati wa kuhamisha. Mbegu inayoelea majini itupe kweli, lakini itupe kwa sababu huenda ni tupu ndani, si kwa sababu ya jinsia.

Anayekuuzia miche ya kienyeji kwa jina la "majike matupu" atapatia karibu nusu hata akichagua akiwa amefumba macho, na hiyo nusu ndiyo inayomletea wateja wapya.

Halafu kuna ile ya kupigilia msumari kwenye shina la dume, au kulikata kichwa, ili ligeuke lizae. Imani hii ina chanzo chake. Mpapai dume wakati mwingine hutoa matunda machache wenyewe, hasa hali ya hewa inapobadilika kuwa ya baridi: maua kadhaa kwenye vile vikonyo virefu (vijiti vinavyoshika maua) hupata kifuko cha mbegu na kuwa mapapai membamba yanayoning'inia mbali na shina. Sasa mtu akipigilia msumari Mei, Julai akaona matunda mawili matatu, atausifu msumari. Msimu wa joto ukirudi, mti unarudia udume wake na msumari umo humo humo. Usipange biashara juu ya matunda hayo.

Kwa nini ni nusu kwa nusu

Mipapai ina jinsia tatu: dume, jike, na ule wenye ua la jinsia mbili, ambao ua lake moja lina chavua na kifuko cha mbegu pamoja. Mwaka 1938 J. D. J. Hofmeyr wa Afrika Kusini na W. B. Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa kazi yake, walieleza jinsi jinsia hizi zinavyorithiwa. Kwa mkulima, cha kushika ni haya: jike likichavushwa na dume, watoto ni nusu majike na nusu madume. Jike likichavushwa na mti wa jinsia mbili, nusu ni majike na nusu ni wa jinsia mbili, dume hakuna. Mti wa jinsia mbili ukijichavusha wenyewe, theluthi mbili ni wa jinsia mbili na theluthi moja ni majike, dume hakuna tena.

Maana yake madume huletwa na dume, basi. Papai la mviringo ulilolinunua sokoni limetoka kwenye mti jike, na kama ni la kienyeji, baba yake karibu hakika ni dume lililokuwa jirani. Papai refu lenye umbo la peasi au silinda kwa kawaida limetoka kwenye mti wa jinsia mbili, lakini chavua ya dume la jirani inaweza kuwa imelifikia, na hapo mbegu zake zitatoa jinsia zote tatu. Ukila tunda unamjua mama. Baba hutamjua.

Hesabu ya mashimo kabla ya kuchimba

Chukua robo eka. Kwa nafasi ya mita 2.5 kwa 2.5 unapata mashimo kama 160. Ukiweka mche mmoja kila shimo, mashimo 80 hivi yatakuwa na dume tu, na nusu ya shamba lako imekwenda. Miche miwili kwa shimo inaacha robo, yaani mashimo 40, bila jike. Mitatu inaacha moja ya nane: mashimo 20. Minne inaacha 10, lakini hapo miche inabanana, na gharama ya viriba na kumwagilia kitalu inaanza kuzidi faida.

Mitatu ndiyo ninayoishauri. Sababu si kupunguza hasara peke yake: katika mashimo 160 utabaki na majike 140 hivi, na majike 140 yanahitaji madume kama 12 ya kuyachavusha. Yale mashimo 20 yaliyotoka madume matupu yanakupa hao 12 bila kuwatafuta, na yanabaki mashimo 8 tu ya kupandwa upya. Bila shaka shamba halifuati hesabu kwa usahihi huo. Unaweza kupata mashimo 14 au 27. Lakini ukianza na mitatu hutaangukia pabaya.

Kwa hiyo andaa miche 480, ongeza kama 50 ya kufidia itakayokufa, na mingine 30 hivi ya akiba utakayoikuza kwenye viriba vikubwa au mifuko ya saruji iliyotobolewa chini. Hiyo ya akiba ndiyo itakayojaza mashimo yaliyokosa jike. Wengi huisahau, kisha Mei wanazunguka kutafuta miche ya kuziba mapengo.

Kitaluni

Chagua papai lililoiva mtini, toa mbegu, kisha zisugue kwa majivu au mchanga mpaka ule ute unaozizunguka utoke wote, kwa kuwa unazuia mbegu kuota. Osha, kausha kivulini siku chache, na usiku wa kuamkia kupanda ziloweke majini. Sia katikati ya Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba. Zinaota baada ya wiki mbili hadi nne. Kila mche uwe na kiriba chake, maana mpapai haupendi kusumbuliwa mizizi.

Usipunguze miche kitaluni kwa kuangalia ipi inafanana na jike. Toa iliyodumaa, yenye majani yaliyojikunja au yenye mabaka ya njano, mingine yote iende shambani.

Kupanda mitatu kwa shimo

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande mapema, Oktoba au Novemba, changanya udongo wa juu na ndoo moja au mbili za samadi iliyooza vizuri, kisha uache utulie. Mvua ya Desemba ikishika na ardhi ikalowa hasa, si ile ya kwanza ya kudanganya, hamisha miche ikiwa na urefu wa sentimita 20 hadi 30.

Ipange pembetatu, sentimita 25 hadi 30 kati ya mche na mche. Ukiibana zaidi ya hapo, siku ya kukata panga litajeruhi unaobaki, na shina la unaobaki litakuwa limepinda kutafuta mwanga. Usifukie shina zaidi ya lilivyokuwa kwenye kiriba, litaoza. Weka matandazo ya nyasi au mabua ya mtama ila yasiguse shina. Usichanganye humo matikiti, matango wala maboga, kwa sababu vidukari wanaoyapenda ndio wanaosambaza virusi vya madoa-pete vya mipapai.

Kulisoma ua

Hapa ndipo pa kutulia. Ukipanda Desemba, maua ya kwanza tarajia Aprili au Mei. Mara nyingi madume ndiyo yanayotangulia, kwa hiyo usishtuke ukiona wiki ya kwanza shamba zima linaonekana dume. Na usikate mti ambao haujatoa ua kwa kuwa tu jirani zake wametoa.

Anza na kikonyo, yaani kile kijiti kinacholishika ua, kabla hujaangalia ua lenyewe. Dume hutoa vikonyo virefu vinavyoning'inia kutoka kwapani mwa majani, kuanzia sentimita 30 na vingine karibu mita, vyenye matawi na maua madogo mengi. Siku za mwanzo kikonyo bado kifupi, lakini tayari kimeanza kugawanyika na kubeba kishada cha tumba nyingi zinazolingana. Ukiona tumba nyingi kwenye kijiti chenye matawi, subiri siku chache uone kama kinarefuka. Kikirefuka, ni dume.

Jike hutoa ua moja, mawili au matatu kwenye kikonyo kifupi kilichogandana na shina. Tumba lake ni nene chini na limechongoka juu, kama chungu kidogo chenye shingo. Likifunguka, petali tano zimeachana karibu mpaka chini, katikati kuna kifuko cha mbegu kilichotuna, na juu yake vitawi vitano vilivyochanika-chanika vya kupokea chavua. Hakuna unga wa njano ndani.

Ua la jinsia mbili nalo hukaa kwenye kikonyo kifupi, lakini ni refu na limenyooka zaidi, na petali zimeungana kwa sehemu ya chini. Hili ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu likiwa changa linaweza kufanana na la dume kwa wembamba. Ukiona wasiwasi, chuma tumba moja lililokaribia kufunguka, lipasue kwa wembe kwa urefu. Ukikuta kifuko kinene peke yake, ni jike. Ukikuta vifuko vya chavua vya njano na kifuko chembamba kirefu cha mbegu pamoja, ni jinsia mbili. Ukikuta chavua na katikati uzi mwembamba tu usio na kitu, ni la kiume.

Hapo kuna mtego. Mti wa jinsia mbili, ukipata joto kali au kiu, hutoa maua ambayo kifuko chake hakikui, yaani kwa wakati huo yanafanya kazi ya kiume tu. Kwetu joto la Oktoba na Novemba kabla mvua haijaanza linatosha kabisa kuleta hali hiyo. Mtu anaupasua, anakuta uzi mtupu, anaukata mti mzuri. Ndiyo maana nimesema kikonyo kwanza: ua la kiume kwenye kikonyo kifupi usilihukumu, liache wiki mbili tatu utazame maua yanayofuata. Ua la kiume kwenye kikonyo kirefu chenye matawi ni dume lisilo na ubishi.

Pita shambani kila wiki asubuhi ukiwa na vipande vya kitambaa vya rangi mbili. Funga rangi moja kwenye dume, nyingine kwenye jike. Usiende na panga siku hiyo hiyo ya kutambua. Tambua leo, kata wiki ijayo baada ya kuhakikisha mara ya pili.

Kukata

Shimo lenye majike mawili au matatu, bakiza lenye shina nene, majani safi na maua yaliyoanza chini karibu na ardhi. Mti unaoanza kuzaa chini hustahimili upepo wa Juni hadi Septemba vizuri zaidi na huvunwa bila ngazi. Shimo lenye jike moja na madume, kata madume yote, isipokuwa hapo ndipo unapohitaji mchavushaji.

Miti unayoitoa usiing'oe. Mizizi ya miti mitatu kwenye shimo moja imeshikana, na mpapai uliotikiswa mizizi huanguka au hunyauka. Kata kwa panga au msumeno usawa wa ardhi, kisha fukia kisiki kwa udongo, maana shina lina uwazi ndani, linakusanya maji na kuoza. Utomvu mweupe unawasha ngozi na ni hatari machoni. Vaa mikono mirefu, osha panga. Majani na mashina yaende kwenye mboji kama ni mazima. Yenye dalili za virusi choma. Majani mabichi mengine yatakuwa na wateja jikoni, hasa kwa anayetaka kulainisha nyama ngumu.

Maliza kazi hii kabla Mei haijaisha. Baridi ya Juni na Julai inapunguza kasi ya ukuaji, na miti itakayokuwa bado mitatu kwa shimo wakati huo itagombania maji kidogo uliyonayo, majike yatoke membamba na kuinama. Ule mmoja mmoja utakaochelewa kutoa ua, ukate tu kama shimo tayari lina jike zuri.

Madume ya kubakiza

Bakiza dume moja kwa majike 10 hadi 15. Chini ya hapo matunda yanaanza kupungua, kwa sababu jike lisilochavushwa huangusha maua au hutoa vipapai vidogo visivyo na mbegu. Zaidi ya hapo unafuga miti isiyozaa.

Yasambaze. Madume kumi na mawili yaliyojaa kona moja hayakusaidii kona nyingine. Chavua husafirishwa na upepo pamoja na wadudu, hasa nondo wakubwa wanaokuja jua likizama, wakati harufu ya ua la mpapai inapokuwa kali. Upepo wetu wa kiangazi huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo nusu ya madume yakae upande huo na mengine yatawanyike katikati. Dawa ya wadudu ukilazimika kupiga, usipige jioni maua yakiwa wazi.

Jambo ambalo karibu kila mtu analipuuza: ni madume yapi? Watu huchagua majike kwa makini kisha wanabakiza dume lolote, hata lile lililopinda. Kama utahifadhi mbegu, dume hilo ni baba wa shamba lijalo na linachangia nusu ya urithi. Bakiza dume fupi, lenye shina nene, lililowahi kutoa maua na kuanza chini, lisilo na doa la ugonjwa. Tunda lake hulioni, lakini umbo na afya yake unaviona.

Mwenye mipapai mitatu nyuma ya nyumba mjini Dodoma, tuseme Area C au Nkuhungu, hana haja ya kupoteza nafasi kwa dume kama kwa jirani lipo. Likikosekana, omba maua ya kiume yaliyofunguka siku hiyo kutoka kwa yeyote mwenye nalo, toa petali, sugua ile chavua ya njano juu ya vitawi vitano vya ua la jike lililofunguka. Dakika chache tu kwa mti mmoja, na maua ya kutosha yatashika.

Mashimo ya madume matupu

Kwenye yale yanayobaki baada ya kuchagua wachavushaji, kata yote na pandikiza mche wa akiba. Kama ule wa akiba umeshatoa ua kwenye mfuko wake, umepata bahati: unapanda jike unalolijua. Fundi wa kubebesha anaweza pia kukata dume na kulibebesha chipukizi la pembeni lililotoka kwenye jike zuri. Inawezekana, lakini inataka mkono uliozoea, na kwa shamba la kawaida mche wa akiba ni rahisi zaidi.

Kuhusu mbegu chotara za dukani

Mbegu kama Red Lady, zinazouzwa kwenye maduka ya pembejeo, hutoa majike na miti ya jinsia mbili bila madume, kwa hiyo mche mmoja kwa shimo unatosha. Bei ya mbegu ni kubwa, na ni halali yake kwa mwenye maji ya uhakika, hasa anayelenga hoteli za mjini zinazopenda papai refu la kukatika vizuri. Ila kumbuka ule mtego wa joto: mti wa jinsia mbili ukikosa maji Oktoba unaruka kuzaa, unabaki na sehemu ya shina isiyo na tunda. Jike haligeuki hivyo. Kwa anayemwagilia kwa ndoo na maji ya mashaka, mimi ningechagua majike ya kienyeji yenye madume machache kuliko chotara iliyokaa na kiu.

Ukitaka kuzalisha mbegu zisizo na madume kutoka kwenye mti wa jinsia mbili, funika tumba kwa bahasha ya kaki kabla halijafunguka, lifunge kwenye kikonyo, liache lijichavushe humo, kisha toa bahasha tunda likishaanza kutuna na weka alama ya kamba. Mbegu za tunda hilo zitatoa majike na jinsia mbili tu. Kama zimetoka kwenye chotara, jinsia itakuwa salama lakini ukubwa na utamu wa matunda utatofautiana mti kwa mti. Miche yake panda miwili kwa shimo ukitaka papai refu: uwezekano wa shimo kukosa mti wa jinsia mbili unashuka hadi moja ya tisa.